Damari wa Dawati la Nyuma

Zamani zetu kule milimani Lumuma, jina ulilobatizwa nalo lilikuwa la kanisani. Ukitoka ibadani unaliacha hukohuko mlangoni, nyumbani una lako jingine. Mimi nilibatizwa Yunisi, lakini nenda leo kijijini kwetu ukamuulizie Yunisi, watakutazama mpaka uone haya. Muulizie Mkia. Watakuonyesha nyumba kabisa na sababu watakupa: nilikuwa sibanduki kwa mama yangu, akienda kisimani nipo, akienda chooni nipo nje nasubiri. Darasani tulikuwa na Tabu, Shida, Mashaka, Sikujua na Takataka, na wote hao walikuwa na majina mazuri ya kwenye Biblia. Mjukuu wangu hapa Mikumi anaitwa Brayani, kwenye simu anajiita Mfalme, na ukimtuma chumvi anarudi na soda. Takataka wetu alikuwa akitumwa, anafika.

Msicheke mkadhani wazazi wetu hawakutupenda. Walitupenda kwa woga. Mwanamke akizaa watoto wakawa wanamfia, yule anayefuata hakupaswa kuonekana anatakiwa. Alfajiri ya kuzaliwa kwake analazwa juu ya jani la mgomba, anapelekwa jalalani nyuma ya nyumba. Jirani ambaye watoto wake wamekaa, hawakumfia, anapita pale, anajifanya kashtuka, anauliza kwa sauti ni nani huyu katupa mtoto, anamwokota. Kuanzia hapo mtoto ni wa jirani. Mama mzazi anamnyonyesha kama mtu anayemsaidia mwenzake, na kila akiulizwa atasema huyu ni mtoto wa jirani. Jina la ubatizo halitamkwi na mama yeyote kati ya wale wawili, na mtoto mwenyewe anakatazwa kuliitikia. Mpaka avunje ungo, au kama ni wa kiume atoke jandoni. Hapo jirani anamrudisha na kuku na kibaba cha unga, mama anaita lile jina mbele ya watu, mtoto anaitika, ngoma inapigwa. Mama anaisubiri siku hiyo miaka yote.

Nyumbani kwetu alikuwepo wa namna hiyo, Jalala. Mama yangu ndiye aliyemwokota. Mama yake mzazi alikuwa ng'ambo ya kijito, mlango wake na wetu inatazamana, ukipika maharage kule sisi huku tunajua yameungua. Jalala alilala kwetu, alikula kwetu, tulilala mkeka mmoja na alikuwa ananipiga mateke usiku kucha. Yule mama mzazi tulimwita Mama wa Ng'ambo. Hakuwa na jina la kuitwa. Zamani alikuwa Mama Damari, kwa mtoto wake wa kwanza, ila Damari alipokufa kwa surua watu waliona vibaya kumkumbusha. Wakafuata wavulana wawili, nao hawakukaa. Na Mama Jalala asingeweza kuitwa, kwa sababu Jalala alikuwa wetu.

Damari yule mimi sikumwona, alikufa kabla sijazaliwa. Nilisimuliwa tu kwamba alikuwa anakaribia kuanza darasa la kwanza, sare yake imeshashonwa, na kwamba alikuwa anaivaa nyumbani, anakwenda kusimama barabarani kuwatazama wenzake wakipita kwenda shule. Surua ilimchukua shule ikiwa bado imefungwa. Wakamzika nyuma ya nyumba, penye migomba, na mama yake akakatazwa kulia. Kwetu waliamini kilio cha mama kinamwonyesha njia anayekuja kuchukua wengine. Kwa hiyo hakulia, na lile jina hakulitaja tena.

Kosa lilifanywa na wazee. Damari lilikuwa jina la bibi mzaa baba, na jina la bibi kwetu haliachwi likaanguka. Jalala alipozaliwa wakataka liinuliwe. Mama wa Ng'ambo alikataa, wakamzidi nguvu. Basi mtoto akaokotwa jalalani kama inavyotakiwa, halafu wiki chache baadaye akapelekwa kwa padri akabatizwa Damari, jina la marehemu dada yake, ambaye hakuwahi hata kuliliwa. Mama yangu alikuwa akisema walifunga mlango wa mbele wakauacha wa nyuma wazi.

Maisha yalikuwa matamu hata hivyo. Asubuhi tunashuka shuleni miguu peku kwenye umande, mikononi viazi vya kuchoma, vya moto kiasi kwamba tunavitumia kwanza kupashia vidole ndipo tunavila. Mchana tunacheza rede kwa mpira wa soksi. Jioni tukishachota maji tunacheza kombolela, tunajificha kwenye mashina ya migomba na nyuma ya mazizi mpaka mama zetu waite. Na wakiita wanaita Mkia, Shida, Takataka, hakuna hata mmoja aliyethubutu kuita jina la kweli kuelekea bondeni jua likishuka. Sisi tuliona ni kawaida tu.

Tulipofika darasa la tatu akaletwa mwalimu mgeni kutoka Morogoro mjini. Kijana nadhifu, suruali imepigwa pasi mpaka ukiigusa unakatwa. Alikuwa mtu mwema, sitaki mumdhanie vibaya. Aliposikia tunaitana Tabu na Takataka aliumia rohoni. Akatuambia hakuna mtoto anayeitwa taka darasani kwake, kila mmoja ana jina zuri na ataitwa hilo. Asubuhi yake akaanza kuita mahudhurio kwa majina ya ubatizo. Takataka alikuwa Zefania, hata yeye alicheka. Wengine tukaitika kwa aibu aibu. Alipofika kwa Damari, kimya.

Jalala alikuwa ameketi nami dawati moja, nyonga kwa nyonga. Alijua ni yeye anayeitwa, akakaza midomo. Alikatazwa kuitikia jina lile tangu anajifunza kusema, na kuitika kwake kungekuwa sawa na kutukana mama wawili kwa mpigo. Mwalimu akaita tena, kimya. Akamwekea alama ya kutokuwepo. Siku ya pili akamsimamisha, akamuuliza kwa upole kama hajui jina lake. Jalala akalia. Siku ya tatu akamchapa fimbo moja ya mkononi, na nadhani iliuma zaidi upande wa mwalimu.

Ilikuwa majira ya baridi, ukungu ule wa kwetu unaoingia hadi darasani kwa sababu madirisha yalikuwa mashimo tu. Asubuhi iliyofuata ulikuwa mzito, ubao tuliuona kwa shida. Mwalimu kainamia daftari lake anaita. Akasema, Damari. Na sauti ikaitika, "Nipo mwalimu."

Ilikuwa sauti ya kitoto, nyembamba, yenye furaha. Ilitoka nyuma, kwenye lile dawati la kona ambalo hakuna aliyekaa kwa sababu bati lilivuja juu yake. Mwalimu hakuinua kichwa. Akatia alama, akasema vizuri, akaendelea na jina linalofuata, ambalo lilikuwa langu. Mimi nilimtazama Jalala mdomo. Ulikuwa umefungwa vilevile.

Hakuna aliyegeuka nyuma. Darasa zima tulibaki tunatazama ubao kama tuliopigwa misumari. Mapumziko yalipofika tulitoka tukacheza rede, hakuna aliyesema neno, na nadhani kila mmoja aliomba awe amesikia peke yake. Kesho yake, Damari, nipo mwalimu. Keshokutwa pia. Na haki ya Mungu nitawaambia ukweli, mwanzoni tulifurahi. Jalala hachapwi tena.

Ndipo mambo yakaanza kugeuka kidogo kidogo. Kulikuwa na zamu za kufagia uwanja, mwalimu akampanga Damari sehemu ya mlingotini. Tunafika asubuhi tunakuta imefagiwa, mistari ya ufagio imenyooka vizuri, na juu ya vumbi lile hakuna unyayo wa kuingia wala wa kutoka. Mwalimu akamsifu Damari mbele ya wote, huku macho yake yanatazama kona ya nyuma. Akagawa madaftari ya hesabu. La Damari akalipeleka mwenyewe mpaka dawati la kona, akaliweka, akatabasamu. Jalala alikuwa ameunyoosha mkono kulipokea. Akaurudisha polepole.

Tukicheza rede tukichagua timu, tunamsahau Jalala. Si kwamba tulimchukia, tulimsahau tu, anasimama pale pembeni mpaka mchezo unaisha. Siku moja tulicheza kombolela, tukatafutana, tukapatikana wote, tukaenda nyumbani. Mama anauliza Jalala yuko wapi. Nilikuwa sijamfikiria hata kidogo. Tulimkuta bado kajificha nyuma ya zizi, amekaa kimya, anasubiri kutafutwa. Na wiki hiyohiyo mwalimu akaniuliza, kwa wema wake uleule, kwa nini ninakaa peke yangu kwenye dawati la watu wawili. Jalala alikuwa ananigusa bega.

Halafu akaugua. Hakuwa na homa wala hakuharisha, alipungua tu. Zahanati walimchoma sindano, wakampa vidonge vichungu, wakasema arudi baada ya wiki. Alikataa uji, alikataa hata viazi. Usiku hakunipiga mateke tena, nikawa nalala vizuri, na kulala vizuri kule ndiko kulikonitisha kuliko yote. Asubuhi moja nikamshika mama kanga, nikamweleza kila kitu, tangu ile nipo ya kwanza.

Mama hakunikaripia. Alifunga kanga yake vizuri, akavuka kijito, nami kama kawaida yangu nyuma yake. Mama wa Ng'ambo alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba. Mama akamsimulia, sauti ya chini, na yule mama akawa anaendelea kuchambua mpaka maharage yakaisha, akabaki anatoa mazuri na kuyarudisha. Mwisho akauliza sauti yenyewe ikoje. Nikasema ya furaha. Akashusha ungo.

Nilivyoelewa kwa utoto wangu, na nilivyokuja kueleweshwa baadaye, ni hivi. Yule wa kwanza alikuwa amesikia jina lake likiitwa shuleni, mahali alipotaka kwenda, naye akaenda. Hakuwa na ubaya. Lakini jina lilikuwa moja na watoto wawili, na kadiri alivyozidi kuitika yeye ndivyo huyu alivyozidi kufutika. Wa kumtoa pale alikuwa mama yake tu, kwa kumwita kwa jina na kumkiri mbele ya watu kuwa ndiye mwanawe. Na jina likishaitwa hivyo haliitwi mara ya pili. Jalala asingerudishwa tena kwa mama yake, kwa sababu hapangekuwa na jina la kumrudishia. Ilikuwa imebaki miaka michache tu avunje ungo.

Mama yangu alimwambia wazi. "Ukimwita huyo, huyu ni wangu moja kwa moja. Nifikirie na mimi, sitaki uje unichukie."

Mama wa Ng'ambo aliokota haragwe moja lililodondoka, akalirudisha kwenye ungo. Kisha akasema, "Bora awe wako na uhai wake."

Alikuja shuleni siku ya pili yake, ukungu upo palepale. Alivaa nguo yake ya kanisani. Akampa mwalimu heshima zake, akaomba akae nyuma kidogo asikilize watoto wanavyoitwa. Mwalimu akaona ni mzazi mwenye moyo wa elimu, akamkaribisha kwa furaha. Yule mama akapita katikati ya madawati, akaenda kukaa kwenye lile la kona. Alikaa ukingoni, kama mtu aliyemwachia mwenzake nafasi.

Majina yakaitwa. Nilishika ukingo wa dawati langu, upande wa Jalala mtupu, maana alikuwa amelala nyumbani hawezi hata kugeuka. Mwalimu akasema, Damari.

"Nipo mwalimu."

Safari hii niligeuka. Mama wa Ng'ambo alikuwa ameinamisha kichwa upande, macho yameangalia chini, pale ambapo mtoto wa miaka sita au saba angefikia akiketi. Uso wake siwezi kuueleza, na nimejaribu miaka yote hii.

"Damari mwanangu," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka mbele, "mama nimekuja kukuchukua. Umesoma vizuri. Twende nyumbani."

Akanyoosha mkono, akafumba vidole, akasimama. Akapita katikati yetu akiwa ameinama kidogo upande mmoja, anatembea kwa hatua fupi fupi, anamsubiri. Mlangoni akasimama kwanza kama anayempisha mtu atangulie. Mwalimu alikuwa ameshika chaki mkononi, ikakatika. Alitazama lile dawati, akatutazama sisi, na hakuuliza swali hata moja, si siku ile wala baadaye.

Mimi nilitoka mbio bila ruhusa. Niliwafuata kwa mbali. Nasema niliwafuata kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Pale kijitoni alimbeba akamvusha kwenye mawe, akamshusha ng'ambo, akamtengeneza gauni. Wakaingia kwenye migomba. Na kule ndani nikasikia yule mama akilia, kile kilio alichokatazwa, analitaja lile jina, analirudia, analirudia, hakuna aliyemnyamazisha. Kijiji kizima kilisikia. Nilipoingia nyumbani kwetu nilimkuta Jalala amekaa kwenye mkeka anataka uji, na analalamika kwamba hauna chumvi.

Alipopata nguvu akarudi shuleni. Mwalimu alifungua daftari, akafika pale, akasita, akaita Jalala. "Nipo mwalimu," mwenzangu akasema, kwa sauti nzito ya kukohoa, na mimi nikalia mbele za watu bila haya. Dawati la kona likabaki dawati bovu. Siku ya kipaimara askofu alimuuliza jina, akajibu Jalala. Askofu alimtazama padri, padri akatazama viatu vyake, mikono ikawekwa.

Yule mama alianza kuitwa Mama Damari tena. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka. Lakini Jalala alibaki wetu. Takataka alipotoka jandoni alirudishwa kwa mama yake, Zefania likaitwa, kuku wakachinjwa, na Mama Damari alikuja kusaidia kuchota maji ya shughuli. Jalala alipovunja ungo hakukuwa na ngoma. Aliolewa Kidodi, kwa mkulima wa miwa, akapata mtoto. Mama Damari alikwenda kumwona kama majirani wanavyokwenda, na sukari yake na sabuni, akasema hongera mtoto wa jirani, akaondoka kabla chakula hakijaiva.

Siku hizi nakaa hapa Mikumi, napika supu ya madereva wa malori, na kazi yangu inanifanya niamke mapema nisikie dunia inavyoamka. Jamani, watoto wa siku hizi wanaitwa! Mama kasimama mlangoni anaita Jeideni, Jeideni, barabara nzima inamjua Jeideni. Wanawaandika kwenye keki, wanawaweka kwenye simu na picha na jina kamili la ukoo, na hakuna linalowapata. Mwanzoni mwili ulikuwa unanisisimka, natamani niwazibe midomo. Sasa nimezeeka, nawaonea wivu. Sisi tulifichwa vizuri, tukakua, lakini kuna akina mama walimeza majina ya watoto wao mpaka wakazeeka nayo tumboni.

Mwaka jana Mama Damari aliishiwa nguvu. Mumewe alishakufa, hakuwa na mtu. Jalala aliacha miwa yake Kidodi akapanda mlimani kumuuguza, na alipoulizwa na watu alijibu kwamba yeye ni jirani. Mimi nilikwenda kumtazama. Nilifika mchana, nikakuta mlango wazi, Jalala kakaa kitandani anamlisha uji kwa kijiko. Bibi yule akili yake ilikuwa timamu kabisa, aliniuliza bei ya vitunguu.

Jalala akaweka kijiko chini. Akamwambia sasa yeye ni mtu mzima, ana wajukuu, hakuna tena wa kumchukua wala wa kumfuta. Akamwomba amwite 'mwanangu'. Mara moja tu, na hapa yupo Mkia peke yake.

 Mkono wa Mama Damari ulipanda ukamfuta uji uliokuwa umemrukia Jalala kidevuni, ukakaa pale kidevuni, haukutoka.

"Mwambie mama yako," alisema, "amekulea vizuri."

Mama yangu alikuwa amekufa siku nyingi, na Mama Damari ndiye aliyemwosha. Jalala akasema atamwambia, akachukua kijiko, akaendelea kumlisha.